Mahakama ya leba si baraza la umbea

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ibaki vibarazani. Ikiingia mahakamani ni sumu, na anayenyweshwa ni mfanyakazi aliyethubutu kumshtaki mwajiri wake kwa ubaguzi.

Chukua mwanamke aliyepigwa kalamu wiki mbili baada ya kurudi kutoka likizo ya uzazi. Anafika katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba na barua tatu mkononi: ya kuajiriwa, ya kupongezwa na ya kufutwa. Swali ni moja tu: alifutwa kwa nini? Wakili wa kampuni haligusi. Anauliza kama ni kweli ameachana na mumewe, na kama hakugombana na wenzake kule alikofanya kazi zamani. Kisha meneja ambaye hakuwepo uamuzi ulipofanywa anapanda kizimbani na kusema, "Nadhani alitaka kuacha kazi mwenyewe." Nadhani! Tangu lini dhana ya mtu ikaitwa ushahidi?

Sheria ilishasema. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaifungia nje tabia ya mtu katika kesi za madai, isipokuwa inapojitokeza ndani ya ukweli mwingine unaokubalika au inapogusa kiasi cha fidia. Kifungu cha 63 kinataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme alichoona, aliyesikia aseme alichosikia. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito, asili ya kikabila na ulemavu, na inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kifungu cha 43 kinamdai sababu aliyoiamini kwa dhati wakati wa kumfuta mtu. Uchafu uliofukuliwa miezi sita baadaye hauwezi kuwa sababu hiyo.

Basi umbea unapitia wapi? Unajipenyeza kwenye kifungu cha 20 cha sheria ya 2011 iliyounda mahakama hii, kinachosema kuwa haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi ila katika mambo ya jinai. Mlango huo una faida: bawabu asiye na wakili hapaswi kupoteza haki yake kwa kutojua taratibu. Lakini kumwachia mnyonge mlango wazi hakumaanishi kumruhusu mwenye nguvu aingize takataka.

Wafanyakazi nao wasijidanganye. "Kila mtu ofisini anajua bosi hapendi watu wa kabila letu" ni maneno matupu. Bosi alisema nini, siku gani, mbele ya nani? Ni akina nani waliopandishwa cheo kwa miaka mitano, na ni akina nani walioachwa? Hayo ni matendo, yanahesabika, na yana nguvu kuliko hisia za mashahidi kumi.

Wapo watakaoniambia kwamba ubaguzi hujificha, hivyo tetesi ndizo silaha ya pekee ya mnyonge. Nawajibu: katika mashindano ya tetesi hushinda mwenye mashahidi wengi, na mwenye mashahidi wengi ni yule anayewalipa mishahara.

Waheshimiwa majaji, likataeni swali la tabia kabla halijajibiwa, maana aibu ikishatamkwa mbele ya watu hairudi mdomoni. Mawakili wa wafanyakazi, pingeni papo hapo, msingoje rufaa. Nawe mfanyakazi, hifadhi barua na ujumbe wa simu, andika tarehe na majina ya waliokuwepo.

Mwanamke yule hakwenda mahakamani kuhukumiwa ndoa yake. Alikwenda kuuliza kwa nini alifutwa kazi. Ajibiwe hilo.