Kubadilishana Wanafunzi na Walimu wa Bahari: Kipimo Kiwe Miezi ya Melini

Kabla ya kuwako vyuo vya ubaharia katika pwani yetu, ujuzi wa bahari ulienda na kurudi pamoja na misimu. Majahazi ya Oman na Ghuba yaliteremka na kaskazi, yakatia nanga Lamu, Mombasa na Unguja, kisha yakarejea kwao na kusi. Kijana aliyechukuliwa chomboni alianza jikoni, akapanda hadi kwenye kamba, na baada ya safari nyingi akaaminiwa usukani. Hakupewa cheti, lakini wala hakuna aliyemwita baharia kabla hajavuka.

Nakumbusha habari hii kwa sababu siku hizi neno “mabadilishano” latumika sana katika vyuo vyetu, na mara nyingi maana yake ni ujumbe wa viongozi, mkataba uliotiwa sahihi na picha ya kumbukumbu. Kwa maoni yangu, chuo cha bahari hakiwezi kuridhika na mabadilishano ya namna hiyo. Hakina budi kujiuliza: mwanafunzi ameongeza miezi mingapi ya kazi melini, na mwalimu amerudi na ujuzi gani ambao hakuwa nao alipoondoka?

Sababu ya kusema hivi imo katika sheria yenyewe. Mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia ulipitishwa mwaka 1978, ukaanza kutumika mwaka 1984, ukarekebishwa sana mwaka 1995 na tena mjini Manila mwaka 2010. Kwa mujibu wake, anayetaka kuwa ofisa wa zamu ya uongozaji katika meli yenye ukubwa wa tani 500 au zaidi, sharti awe amefanya kazi baharini kwa muda usiopungua miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, na kazi hiyo iandikwe katika kitabu maalum. Asiyepitia mafunzo hayo hudaiwa miezi 36. Injinia wa meli naye ana masharti yake ya karakana na chumba cha mitambo. Kwa hiyo chuo, hata kikiwa na walimu hodari na majengo mazuri kiasi gani, hutoa nusu tu ya ofisa. Nusu ya pili hupatikana melini, na meli zenyewe nyingi si zetu.

Hapo ndipo penye tatizo. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kilianza mwaka 1978 kikiwa kitengo cha mafunzo ya mabaharia, kikawa taasisi kamili kwa sheria ya mwaka 1991. Kitengo kilipoanza, Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia zilikuwa bado na shirika lao la pamoja la meli, lililoundwa mwaka 1966. Shirika hilo halikudumu, na lilipokufa zilipotea pia nafasi ambazo vijana wetu wangejifunzia. Leo zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya dunia, kwa ujazo, hupita baharini. Hata hivyo kijana aliyemaliza masomo yake aweza kusimama Kivukoni akizitazama meli kubwa zikiingia mlango wa bandari, huku kitabu chake cha kazi za baharini kingali na kurasa tupu.

Mimi mwenyewe nilisomea shahada ya udaktari ng’ambo, katika uhandisi wa mitambo. Nilipata elimu nzuri, wala siikani. Lakini niliporudi nilitambua kwamba nilikuwa hodari wa kutumia mashine ambazo hatukuwa nazo, na kwamba kwa miaka yote ile wenyeji wangu hawakujifunza lolote kutoka kwangu, kwani hakuna aliyeuliza nami sikujitolea kueleza. Hayo hayakuwa mabadilishano. Yalikuwa ni kwenda kuchota.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Tukitaka wenzetu watupe nafasi katika meli zao, yafaa tujue sisi tunacho nini. Tunazo njia za maji zenye miamba na mikondo mikali kati ya Mafia, Unguja na Pemba. Tunayo maziwa makuu, ambamo dhoruba huzuka ghafula. Tunayo historia ya Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 na kuendelea kubeba abiria hadi karne hii. Mwanafunzi wa ng’ambo aliyezoea kuagiza kipuri kwa simu angejifunza mengi kwa mafundi wanaochonga kipuri chao wenyewe.

Tusiwasahau walimu. Cheti cha ofisa huhuishwa kila baada ya miaka isiyozidi 5, na mojawapo ya njia za kukihuisha ni kuonyesha utumishi wa baharini wa miezi 12 katika muda huo. Mwalimu aliyeshuka melini miaka 20 iliyopita aliacha ramani za karatasi na mafuta mazito. Wanafunzi wake watakuta ramani za kielektroniki na, upesi kuliko tudhanivyo, injini za methanoli na amonia.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mkataba wowote na chuo au kampuni ya nje utaje idadi ya nafasi za melini kwa kila mwaka, wavulana na wasichana. Pili, meli zinazopeperusha bendera yetu, zikiwemo za kigeni zinazosajiliwa Zanzibar, zipunguziwe ada zikichukua wanafunzi wetu. Tatu, kila mwalimu wa taaluma ya bahari apate safari ya miezi mitatu au minne katika kila miaka mitano, na nafasi yake darasani ishikwe na mwalimu mgeni.

Tena tuanzie karibu. Chuo cha bahari cha kanda kilichoko Accra, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007, ni mali ya Cameroon, Gambia, Ghana, Liberia na Sierra Leone kwa pamoja. Dar es Salaam na Mombasa zina bahari moja na lugha moja. Sioni kwa nini zishindwe.

Wako watakaosema kwamba vijana wakishapanda meli za watu hawatarudi. Hofu hiyo ina msingi kwa walimu, na dawa yake ni mkataba wa utumishi na mshahara unaostahili. Lakini baharia huishi kwa kuondoka na kurudi. Asiyeondoka si baharia.

Mwaka 1996 tulipoteza mamia ya watu katika MV Bukoba, mwaka 2011 katika MV Spice Islander, mwaka 2018 katika MV Nyerere. Katika misiba yote mitatu vyombo vilikuwa vimejaza kupita kiasi. Sisemi kwamba mabadilishano peke yake yangeizuia. Nasema kwamba ofisa kijana aliyefanya kazi katika meli isiyong’oa nanga ikiwa imezama kupita mstari wake wa upakiaji, amekwisha kuona kwa macho yake nahodha akikataa kuondoka, na abiria wakiteremshwa, na dunia isianguke. Somo hilo halimo katika vitabu vyetu vya darasani, na abiria wa Ukerewe na Pemba wana haki ya kuongozwa na mtu aliyelipata.