Mashine Ndogo ya Kuchimba: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Iko mashine ya kuchimba udongo ambayo upana wake haushindi upana wa mlango wa nyumba. Uzito wake ni kama tani moja. Hutembea kwa minyororo ya mpira, na minyororo hiyo huweza kuvutwa ndani mpaka mashine yote ikabaki na upana wa sentimita 70 tu, ipite kichochoroni. Ikifika mahali pa kazi minyororo hutanuliwa tena ili isimame imara. Mkono wake huchimba kwenda chini mita moja na nusu na zaidi. Wajapani ndio waliotangulia: kampuni ya Yanmar ilitoa mashine ndogo ya namna hii mwaka 1968, na kampuni ya Takeuchi ikatoa yake miaka michache baadaye. Leo mashine hizi zinatumika dunia nzima, mahali popote ambapo nyumba zimebanana na mashine kubwa haipiti.

Nyumba zilizobanana sisi tunazijua. Wengi wetu tunalala Kibera na Kawangware. Tunajua vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja lazima asimame ubavu. Tunajua mifereji ya maji machafu inayopita katikati ya njia, na mabomba ya plastiki yanayolala juu ya ardhi kama kamba. Huko Kibera shirika la SHOFCO liliona afadhali kupitisha mabomba ya maji hewani juu ya nguzo, ili maji safi yasichanganyike na uchafu ulio ardhini. Hayo yanatuonyesha jinsi kazi ya kuchimba ilivyo ngumu katika mitaa yetu.

Mpaka sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa kwa mikono. Mwaka 2014 vijana wa NYS walipokuja Kibera kuzibua mifereji na kutengeneza njia, pamoja na vijana wa mtaa waliochukuliwa kwa kibarua, kazi nyingi ilikuwa ya jembe, beleshi na wilbaro. Mwaka 2020 ulipokuja mpango wa Kazi Mtaani ilikuwa vivyo hivyo, na katika awamu ya pili kibarua alilipwa shilingi 455 kwa kutwa. Fedha ilikuwa kidogo, lakini ilinunua unga.

Basi wako wanaouliza: mashine hii ikiingia vichochoroni, unga huo utatoka wapi? Swali hili ni la haki, na chama hakiwezi kulinyamazia.

Kwanza tuseme kweli. Hatuna sababu ya kuichukia mashine. Mtu aliyepiga sururu juu ya mwamba kutwa nzima, jioni akashindwa kunyosha mgongo, hawezi kusema kwamba kazi ile ni heshima kuliko kukaa juu ya kiti na kushika usukani. Tena mashine ndogo inatuondolea kisingizio kimoja kibaya. Mwezi wa Julai mwaka 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata Road ipite. Barabara ya magari ina upana wake, na hiyo ni hoja nyingine. Lakini kwa mfereji wa nusu mita, au kwa bomba la maji, mtu asije kutuambia kwamba nyumba ya mama fulani lazima ianguke ili mashine ipate nafasi. Mashine na ipimwe kwa kichochoro. Kichochoro kisipimwe kwa mashine.

Hatari iko kwingine: ni katika kujua nani atakaa juu ya kile kiti. Kontrakta akija na mashine yake na dereva wake kutoka mbali, wachimbaji kumi wa mtaa watabaki kusimama wakitazama. Lakini akikubaliana na watu kabla ya kuanza, mambo huwa mengine. Mashine inachimba, haibebi. Udongo wote ule lazima utolewe kwa wilbaro mpaka barabarani, kwa maana lori haliingii. Bomba lazima lilazwe kwa mkono na kupimwa mteremko. Shimo lazima lifukiwe na kushindiliwa. Mkono wa mashine unapokwenda upesi, wenye wilbaro huhitajiwa wengi zaidi kwa saa ile ile. Basi kazi ipo, nayo igawanywe kwa mapatano.

Sisi watu wa reli tumepata kuliona jambo hili. Katika miaka ya 1960 injini za dizeli zilikuwa zikichukua mahali pa injini za mvuke, na kazi ya mpiga moto ikaondoka pamoja na moto wenyewe. Aliyefundishwa dizeli alikuwa na mahali pa kusimama. Asiyefundishwa alibaki na ujuzi ambao hakuna aliyeuhitaji. Kwa hiyo neno letu la kwanza ni mafunzo. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri alipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya mafunzo ya kazi, na fedha hizo husimamiwa na NITA. Kiko pia chuo cha KIHBT kinachofundisha watu kuendesha mitambo ya ujenzi. Mwajiri akisema hana njia ya kumfundisha kijana wa Kawangware, mwulizeni habari za zile shilingi 50.

Neno la pili ni usalama. Udongo wa Kibera sehemu nyingine ni ule mweusi, ambao hufura ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Udongo wa Kawangware ni mwekundu: ukikatwa husimama wima kama ukuta, ukamdanganya mtu, kisha baada ya mvua moja ukaanguka. Mita moja ya udongo kila upande, yaani urefu, upana na kina, ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Hakuna mgongo wa binadamu unaoweza kuinua uzito huo. Zamani mchimbaji wa jembe alikwenda chini polepole na aliona ukuta unavyopasuka. Mashine hufika kina kile kile kwa dakika chache, na aliye chini hana habari.

Kwa hiyo tushike kanuni hizi. Shimo likizidi kina cha kiuno, mtu asishuke kabla kuta hazijashikwa kwa mbao na ngazi haijawekwa karibu. Udongo uliotolewa urushwe mbali na ukingo, angalau mita moja, na mahali pakiwa pafinyu mno usirundikwe, bali uondolewe papo hapo. Kabla mkono wa mashine haujainuka, mtu atazame juu, maana kuna nyaya za umeme na yale mabomba ya hewani. Kabla haujashuka, wenyeji waulizwe nini kimepita chini. Penye mteremko, kama huko chini kuelekea Nairobi Dam, mashine isisimame ubavu, kwa kuwa ni nyepesi na hupinduka. Moshi wake usielekezwe mlangoni mwa mtu, kwani unaua bila kupiga kelele. Na karibu na njia ya reli asichimbe mtu yeyote bila idhini ya wenye njia. Ukitoa udongo chini ya kokoto za reli, umechimba kaburi la abiria.

Neno la tatu ni haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi atoe habari kwa msimamizi akiona hatari kubwa, na asilazimishwe kurudi mahali pale mpaka hatari imeondolewa. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Sheria hizi ziko, lakini karatasi haisemi yenyewe. Kibarua aliye peke yake akisema, ataambiwa kesho asije. Wakisema arobaini, msimamizi atatafuta mbao.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa Kibera na Kawangware wafanye hivi. Mkisikia kazi ya mfereji au bomba inakuja mtaani, msingoje mashine ishushwe kutoka kwenye lori. Mwendeeni kontrakta mapema na kumtaka mambo matatu kwa maandishi: vijana wa mtaa wafundishwe kuiendesha mashine, idadi ya vibarua na mshahara wao ijulikane kabla ya kazi kuanza, na mbao za kushika kuta zifike siku moja na mashine.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huonyeshwa mahali pa kuketi na mwenyeji aliye macho. Aliyelala huamka akakuta kiti chake kimechukuliwa.

Umoja ni nguvu.

Mhariri