Kungwi wa Ofisini

Kama wiki imekuendea kombo, sogea hapa kwenye benchi tupige stori. Leo nina moja ya akina dada, lakini na nyie akina kaka msifunge ukurasa, maana dada zenu na wachumba wenu wamo humu humu.

Mjini kuna mtindo umeingia. Dada anafanya kazi benki au kampuni ya simu, ana kiyoyozi, ana bima ya afya, mshahara unaingia mwisho wa mwezi bila kukosa. Ghafla unasikia kaandika barua, anaacha kazi. Ukimuuliza anakwenda wapi, anakujibu bila wasiwasi, "Nakuwa kocha." Kocha wa nini? Wa Simba? Wa Yanga? "Wa wanawake wanaofanya kazi."

Hapo ndipo mashangazi wanaposhika vichwa. Eti mtu aache kiti cha kuzunguka akalipwe kwa kuongea! Kuongea nako ni kazi?

Mie nasema ni kazi, tena ya zamani kuliko hizo benki zenyewe. Huku kwetu Pwani binti hakuolewa hivi hivi, alikuwa na somo wake, alikuwa na kungwi. Yapo mambo ambayo mtoto hawezi kumuuliza mama yake, bwana. Na mpaka leo kicheni pati hazikauki: sare zinashonwa, michango inatembea, bibi harusi anafundwa namna ya kuishi na mume na mawifi.

Sasa niambie, umewahi kualikwa kicheni pati ya kumfunda binti namna ya kudai nyongeza ya mshahara? Au namna ya kumjibu bosi anayemwita "mrembo" mbele ya kikao kizima? Hakuna. Ofisini tunawaingiza dada zetu bila kuwafunda.

Chukua mfano wa uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anaruhusiwa muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Kwenye karatasi mambo safi kabisa. Lakini nani atamwambia namna ya kuziomba hizo saa mbili bila kuonekana anategea? Sheria haina mdomo. Hapo ndipo kungwi wa ofisini anapokula chake kihalali.

Wenzetu Marekani waliliona hilo mapema. Thomas Leonard alikuwa mshauri wa mambo ya fedha, akagundua wateja wake wanataka kupanga maisha, siyo hela peke yake. Mwaka 1992 akaanzisha chuo cha makocha, na mwaka 1995 akaanzisha shirikisho ambalo leo linaitwa International Coaching Federation. Cheti chao cha ngazi ya kwanza kinadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukaa na wateja. Saa mia! Hapa kwetu kuna mtu anahudhuria semina Jumamosi, Jumapili kashaandika "kocha" kwenye Instagram.

Mtaani kwetu Sinza yupo dada aliyeiacha ofisi baada ya miaka kumi na mbili. Huyo hakukurupuka. Mshahara wake ulikuwa unamsomesha mdogo wake na kununua dawa za mama, kwa hiyo aliwakalisha nyumbani akawaambia kabla hajamwambia bosi. Na mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa anakaa na wateja Jumamosi asubuhi, mmoja mmoja. Nilipomuuliza alijuaje kwamba wakati umefika, alinijibu hivi: "Rafiki atakusifia tu, na wa bure hakatai. Mie nilisubiri mtu asiyenijua alipe, aondoke, halafu arudi kulipa tena. Walipofika saba, nikaandika barua."

Na wewe unayetaka kumwiga, piga hesabu kwanza. Kama unalipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kudai zaidi. Dai cheti chako cha utumishi. NSSF wana fao la kukosa ajira, lakini siyo la mtu aliyeacha kazi mwenyewe kwa hiari, usije ukalitegemea. Unaweza kuendelea kujichangia mwenyewe, ila ile nusu ya mwajiri ndiyo hiyo imekwenda.

Lakini kuna jambo linanikera kuliko yote. Wapo makocha ambao bidhaa yao ni moja tu: stori ya jinsi walivyoacha kazi. Kila mteja akija analia na bosi, dawa ni ile ile, "Dada, acha kazi, fuata ndoto yako!" Ndoto hailipi kodi ya nyumba, jamani. Kungwi wa kweli hamfundi binti ili aikimbie ndoa. Anamfunda ili asimame imara humo ndani, na kama kutoka ni lazima, basi atoke na vyake vyote mkononi.

Halafu kungwi ana siri. Ukimsikia kocha anasimulia saluni mambo ya mteja wa jana, ujue kesho ni zamu yako.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla hujatoa hela yako muulize swali moja tu: "Jumatatu asubuhi nikifika ofisini, nianze na lipi?" Akikuhubiria ndoto, mshukuru, panda daladala urudi nyumbani. Akikuuliza bosi wako ni mtu wa namna gani na mkataba wako unasemaje, vuta kiti ukae. Huyo umempata.

Haya, tukijaliwa, benchi letu ni lile lile wiki ijayo.