Haki ya Kusikilizwa Si Fadhila ya Mkubwa

Wapo miongoni mwetu wakubwa wa ofisi ambao ukiwatajia neno utaratibu hukunja uso, kana kwamba umewatajia adui wa maendeleo. Kwao, mtumishi akishashukiwa, kazi iliyobaki ni barua ya mistari mitatu: kuanzia leo huna kazi. Akiuliza kosa lake huambiwa kwamba analijua mwenyewe. Akiomba kueleza upande wake huambiwa kwamba muda wa maneno umekwisha. Na wenzake walio chumba kimoja naye huinamia majalada yao, kila mmoja akishukuru moyoni kwamba leo si zamu yake.

Tabia hii wenyewe huiita ukakamavu wa uongozi. Sisi tunaiita kwa jina lake halisi: uonevu. Na ni uonevu hata pale mshukiwa anapokuwa ana kosa kweli. Hatusemi hivyo kwa kuwahurumia wezi na wavivu. Tunasema hivyo kwa sababu kiongozi anayeweza kumfukuza mkosaji bila ya kumsikiliza, anaweza pia kumfukuza asiye na kosa kwa njia ile ile, na hakuna atakayejua tofauti.

Kanuni zenyewe ni mbili tu, wala hazihitaji shahada ya sheria. Ya kwanza: mtu asihukumiwe kabla ya kuelezwa tuhuma zake na kupewa nafasi ya kujibu. Ya pili: mtu asiwe mwamuzi katika shauri linalomhusu yeye mwenyewe. Wazee wetu waliieleza hii ya pili kwa maneno machache waliposema kwamba kesi ya nyani hapelekewi ngedere. Katika mabaraza yao hakuna aliyetozwa faini kabla ya pande zote mbili kusema. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba haki ya kusikilizwa ni anasa iliyoletwa na mabepari.

Kweli, Waingereza nao wana hadithi yao. Mwaka 1723 mahakama yao ilikiona Chuo Kikuu cha Cambridge kuwa kimekosea kumvua Dakta Bentley shahada zake bila ya kumwita ajieleze. Jaji mmoja alikumbusha kwamba hata Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna asilolijua, alimwita Adamu na kumuuliza kabla ya kumtoa bustanini. Maneno mazuri. Lakini watu hao hao walipokuja kututawala, kanuni hiyo waliiacha kwao. Huku, Bwana DC alikuwa mtawala na hakimu kwa wakati mmoja. Mwezi Novemba 1951 Wameru wa Engare Nanyuki walianza kuondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ili ipatikane nafasi ya walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Upinzani wao wote haukuwa na uzito mbele ya uamuzi uliokwisha kukatwa.

Ndipo mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, akaenda New York kuwasemea watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Safari ile haikuwarudishia Wameru ardhi. Lakini serikali ya kikoloni ililazimika kukaa na kusikia ikishtakiwa na mtu iliyezoea kumwamrisha. Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Machi 1955, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja huo, akiwa Rais wa TANU, akaeleza madai ya Watanganyika. Taifa hili basi lina deni kwa kanuni tunayoizungumzia. Safari yetu ya uhuru ilipita katika chumba ambamo mnyonge alisikilizwa.

Inasikitisha kwamba Umoja wa Mataifa huo huo ulikuja kuisahau kanuni hiyo. Kwa azimio namba 1267 la mwaka 1999, Baraza la Usalama liliunda kamati ya vikwazo. Kamati hiyo ilipewa uwezo wa kuandika majina ya watu na taasisi, na kila jina lililoandikwa likapaswa kufungiwa fedha zake ulimwenguni kote. Mwezi Oktoba 2001 liliingizwa jina la mfanyabiashara wa Saudi Arabia, Yassin Abdullah Kadi. Mwezi Novemba likafuata shirika la Al Barakaat, lililokuwa likipitisha fedha za Wasomali walio ughaibuni kwenda kwa jamaa zao. Katika nchi isiyokuwa na mabenki, fedha hizo ndizo zilizokuwa unga na ada ya shule. Hakuna aliyeitwa kujieleza. Hakuna aliyeoneshwa ushahidi. Na aliyetaka jina lake lifutwe ilimpasa kupitia serikali, ambayo nayo ingepeleka ombi kwa kamati ile ile iliyoliandika. Ngedere alikuwa amepewa kesi ya nyani, tena akakalia kiti cha rufani.

Ilichukua hadi tarehe 3 Septemba 2008 kwa mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg kutamka kwamba amri ya Ulaya iliyotekeleza vikwazo hivyo dhidi ya Kadi na Al Barakaat ilivunja haki yao ya kujitetea. Mahakama hiyo haikupuuza usalama. Ilikubali kwamba fedha zinaweza kuzuiwa kwa ghafla, maana mtu akiarifiwa mapema atazihamisha. Ilichokataa ni kumwacha mtu gizani miaka na miaka baada ya hapo. Desemba 2009 Baraza la Usalama likakubali kuweka ofisi ya kupokea malalamiko ya walioandikwa katika orodha hiyo, na Oktoba 2012 jina la Kadi likafutwa. Miaka kumi na mmoja! Na hao ndio wakubwa wanaotufundisha utawala bora kila mwaka.

Lakini tusimalize hasira zetu New York tukasahau nyumbani. Kujikosoa ni jadi yetu, wala mficha maradhi hajiponyi.

Mwezi Aprili 2017 ilitolewa taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Nia ya zoezi lile ilikuwa njema. Hakuna mzazi anayetaka mwanawe afundishwe, au mgonjwa wake atibiwe, na mtu aliyeghushi elimu. Lakini majina yalitangazwa magazetini na mishahara ikakatwa kwanza; nafasi ya kulalamika ikaja baadaye. Waliolalamika wakachunguzwa, na baadhi yao wakathibitika kuwa na vyeti halali, wakarudishwa kazini. Tuwafikirie hao. Mwalimu aliyekisomea cheti chake kwa jasho aliamka asubuhi akasoma jina lake katika orodha ya waongo, na wanafunzi wake wakalisoma, na mama yake kijijini akasomewa. Mshahara hulipwa ukarudi. Je, ile asubuhi hulipwa na nani?

Na hapa hapakuwa na upungufu wa sheria. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 inakataza kumfukuza mtumishi kabla ya kupewa mashtaka ya kinidhamu, kupewa nafasi ya haki ya kuyajibu, na kufanyika uchunguzi. Katiba yetu, tangu ilipoingiziwa haki za msingi mwaka 1984, inasema katika ibara ya 13(6)(a) kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufani. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, ilitamka kwamba haki hii si tena kanuni ya mapokeo tu, bali ni haki ya msingi ya kikatiba. Na kabla ya hayo yote, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuwapiga marufuku viongozi kuwa wenye majivuno, dharau na uonevu.

Watasema wenye haraka: taratibu hizi ni urasimu, zinachelewesha kazi. Si kweli. Urasimu ni jalada kuzunguka ofisi saba huku mwenye jalada hajui limeandikwa nini. Kumpa mtu barua ya tuhuma na siku za kujibu ni kuufunua urasimu huo mchana kweupe. Tena tuwaulize: ni lipi linalochelewesha zaidi, siku chache za kumsikiliza mtumishi, au miaka ya mashauri mahakamani ambayo mwisho wake Serikali huamriwa kumrudisha na kumlipa malimbikizo kwa fedha za wakulima? Panapokuwa na hatari kweli, sheria inaruhusu mtumishi asimamishwe wakati uchunguzi ukiendelea. Kumsimamisha ni tahadhari. Kumfukuza ni hukumu. Kiongozi asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili hafai kushika kalamu inayokata riziki ya mtu.

Watasema wengine: huyu kosa lake linajulikana na kila mtu. Vizuri! Kama linajulikana, halitapotea kwa kuulizwa. Linaloogopa kuulizwa ni lile lililopikwa.

Basi kila mwenye madaraka, awe Katibu Mkuu au mwalimu mkuu wa shule ya kata, afanye mambo manne ambayo hayagharimu hata shilingi. Aandike tuhuma kwa maneno yanayoeleweka. Atoe muda wa kutosha wa kujibu, na asome majibu kabla ya kuamua. Ajitoe katika uamuzi ikiwa yeye ndiye mshitaki. Na akishaamua, atoe sababu kwa maandishi na amwambie mtu wapi pa kukata rufani.

Walimu tunawaomba jambo la ziada. Mtoto anayefukuzwa shule kwa uvumi, bila ya kuulizwa, amekwisha kufundishwa somo moja la siasa: kwamba mwenye nguvu hana haja ya kusikia. Somo hilo atalikumbuka siku atakapokalia kiti cha ofisi, naye ataandika barua ya mistari mitatu.

Tulikwenda hadi New York kudai tusikilizwe. Haiwi haki, baada ya safari ndefu kama ile, kumfungia mwenzetu mlango ulio hatua tatu kutoka meza yetu.