Faili Iko Masjalani: Majibu kwa Maneno ya Langoni

Ni nadra mtu kutafuta faili ya kesi ya jinai kwa udadisi. Huko Tana River, Kenya, anayepanda gari Kipini au Garsen akielekea mahakamani Hola huwa na lake. Aliweka dhamana ya pesa taslimu kwa ajili ya ndugu yake na hadi leo haijarudishwa. Au ana rufaa inayongoja nakala ya hukumu. Au ni mama anayetaka kujua kama aliyemdhuru bintiye amefungwa au anatembea sokoni. Kabla hajaonana na karani, hukutana na maneno. Wengi wanaoyasema hawana nia mbaya, lakini wanaofaidika nayo ni wale wanaoshinda nje ya lango wakisubiri mgeni wa kumsaidia kwa bei.

Neno la kwanza ni kwamba mambo ya jinai ni siri ya polisi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inataka kesi isikizwe hadharani, na Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai (Sura ya 75) inasema, katika kifungu cha 77, kwamba mahali mahakama ya jinai inapoketi ni wazi kwa umma kadiri nafasi inavyoruhusu. Ikiwa jana ungeweza kuketi kwenye benchi ukamsikiliza kila shahidi, anayedai kwamba maandishi ya maneno yaleyale ni siri leo ndiye anayepaswa kutoa sababu. Mshtakiwa ana haki kubwa zaidi. Katika mashtaka yasiyo ya kuamuliwa kwa njia ya mkato, anaweza kuomba nakala ya mwenendo hata kesi ikiendelea, na ikishamalizika anayo haki ya kuipata kwa ada ya wastani. Nakala ya hukumu, akiiomba, hupewa bila malipo chini ya kifungu cha 170 cha Sura ya 75, tena ikitafsiriwa kwa lugha yake pale inapowezekana.

Siri zipo, ila zinajulikana. Kesi za watoto, majina ya waathiriwa wa makosa ya kijinsia na mashahidi wanaolindwa hufunikwa kwa sheria au kwa amri ya hakimu. Lililozaa dhana hii, nadhani, ni kuchanganya faili mbili. Faili ya upelelezi hukaa kwa polisi na waendesha mashtaka, na hiyo hufunguliwi kirahisi. Faili ya mahakama ni nyingine, na iko masjalani.

Kuna wanaomtuma mtu ofisi za kaunti, hata kwa gavana. Hilo halihitaji maneno mengi. Mahakama ni ya kitaifa, na serikali ya kaunti haina rafu hata moja ya kesi za jinai. Anayesoma habari za Marekani, ambako karani wa kaunti mara nyingi ndiye mtunza rekodi za mahakama, asizihamishie hapa. Wala Kadhi hahusiki: kazi yake ni ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Hata mpaka wa kaunti usiuamini kupita kiasi. Mtu wa Madogo ni mkazi wa Tana River, lakini akivuka daraja tu yuko Garissa. Kwa hiyo swali la kwanza, kituoni kwa polisi, ni hili: mshtakiwa alipelekwa mahakama gani? Tena mauaji hayasikizwi na hakimu. Kesi hizo huenda Mahakama Kuu, na kwa watu wa Tana River na Lamu, jina la kulitafuta kwanza ni Garsen.

"Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni." Vijana hulisema hili kwa uhakika, na wana nusu ya ukweli. Mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya elektroniki ulianza Nairobi Julai 2020 na baadaye ukapelekwa vituo vya nchi nzima, ndiyo maana kesi mpya zina herufi E mbele ya namba. Kenya Law huchapisha bure hukumu za Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu. Lakini kesi nyingi za mashambani huanza na kuishia kwa hakimu. Wizi wa mbuzi ulioamuliwa Hola miaka kumi na mitano iliyopita, bila rufaa, usitarajie kuuona kwenye simu. Uko kwenye karatasi, pengine kwa mwandiko wa hakimu, na nakala ya mwenendo itakungoja mpaka mtu aketi auchape. Mtandao ukikosa jina la mtu, usihitimishe kwamba hajawahi kushtakiwa.

Bila namba ya kesi, unaomba miujiza. Namba hiyo imo kwenye hati ya mashtaka, pamoja na namba ya OB (daftari la matukio la polisi) na namba ya kesi ya polisi, na watu wengi huibeba hii ya polisi hadi mahakamani wakashangaa karani akitikisa kichwa. Ukiwa huna hata moja, nenda na mwaka, kosa, kituo cha polisi na majina yote matatu ya mshtakiwa, kisha uombe rejista ya mashtaka ikaguliwe. Toa na namna mbalimbali za kuandika jina. Athumani wa nyumbani huenda ni Othman kwenye OB na Osman kwenye rejista, na karani anayetafuta tahajia moja atakuambia kwa moyo safi kwamba hayupo.

Kuhusu cheti cha tabia njema, wengi hukichukulia kama faili yenyewe, hasa wanaojiandaa kwenda kazi Ghuba. Cheti hicho hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, kwa ombi la mwenyewe na kwa alama za vidole vyake. Kinajibu swali moja tu, kama alama hizo zina rekodi. Hakikuambii shahidi wa pili alisema nini wala hakimu aliamua kwa sababu gani. Na huwezi kumwombea jirani yako.

Lile linalouma zaidi ni kwamba bila wakili au chai huoni kitu. Sitadai kwamba hakuna anayeombwa chai. Ninachokataa ni kuifanya chai kuwa utaratibu. Kukagua faili na kupata nakala kuna ada rasmi inayolipwa kwa njia rasmi na kutolewa risiti. Malipo yasiyo na risiti si ada. Wakili ni msaada mkubwa kwenye rufaa, lakini sheria haimtaki ili wewe uandike barua kwa msimamizi wa mahakama, au kwa Naibu Msajili kama ni Mahakama Kuu, ukitaja namba ya kesi, uhusiano wako nayo na unachotaka: kukagua, nakala ya hukumu, au mwenendo mzima. Iandike kwa Kiswahili ukipenda. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yenyewe inakubali ombi la Kiingereza au Kiswahili, na inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukinyamaziwa, ipo Ofisi ya Ombudsman wa Mahakama, na karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo watakayoiulizia.

Muhuri huo una kazi nyingine. Rufaa ya jinai hukatwa ndani ya siku 14, na watu huambiwa kwamba siku zikipita basi. Kifungu cha 349 cha Sura ya 75 kinasema vingine: mahakama inaweza kukubali rufaa iliyochelewa kwa sababu nzuri, na ni lazima iikubali ikiridhika kwamba ucheleweshaji ulitokana na kushindwa kupata nakala ya hukumu na mwenendo ndani ya muda wa kuridhisha baada ya kuziomba. Baada ya kuziomba. Asiyeomba kwa maandishi hana cha kuonyesha.

"Faili imepotea." Mara nyingi haijapotea, imesafiri. Rufaa ikikatwa, Mahakama Kuu huitisha faili ya awali, na pengo hubaki kwenye rafu ya hakimu. Nyingine iko kwa mchapaji, nyingine mezani kwa hakimu, nyingine stoo. Uliza ilitoka lini na ilikwenda kwa nani. Inawezekana pia iliharibiwa kihalali. Mahakama inayotaka kuteketeza kesi zilizozeeka hutangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali miezi mitatu kabla, na orodha ya kesi hizo huwekwa masjalani ikaguliwe. Ikiwa imepotea kweli, omba iundwe upya kwa nakala zilizoko kwa polisi, kwa mwendesha mashtaka na kwa wakili. Na mfungwa asidanganywe kwamba faili ikipotea mlango wa jela unafunguka wenyewe. Mahakama ya Rufaa imekataa wazo hilo: hutazamwa nani alisababisha upotevu, kifungo kimetumikiwa kwa kiasi gani, na kama kesi inaweza kurudiwa.

La mwisho husemwa zaidi kaskazini na kando ya mto: kesi ilimalizwa kwa maslaha, wazee wakaketi, basi hakuna rekodi. Kama haikufika mahakamani, sawa. Ikishasajiliwa, neno la wazee, hata wazee wa baraza la Gasa wenye heshima zao, haliifuti. Kwenye makosa madogo hakimu anaweza kuhimiza suluhu, na kifungu cha 176 cha Sura ya 75 kinampa ruhusa hiyo. Kwenye makosa ya kijinsia, uamuzi wa kuachana na mashtaka ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye chini ya Katiba hawezi kuyasitisha bila idhini ya mahakama. Kwa hiyo kesi ya unajisi inayodaiwa kumalizwa kwa ngamia au ng'ombe ina ukurasa wake wa mwisho, na mama yule wa mwanzo ana sababu ya kuutafuta.

Ukurasa huo usomwe kwa makini, maana kesi haziishi kwa njia moja. Katika Sura ya 75, kifungu cha 202 ni mlalamishi kutofika, na mshtakiwa kuachiliwa. Cha 204 ni mlalamishi kuondoa lalamiko kwa ruhusa ya hakimu, naye mshtakiwa huachiliwa. Cha 210 ni kutokuwa na kesi ya kujibu. Cha 215 ni uamuzi baada ya pande zote kusikizwa, uwe wa hatia au wa kuachiliwa. Hivi vyote, ila hatia hiyo ya 215, ni kuachiliwa kamili. Cha 87(a) ni tofauti. Mashtaka yakiondolewa chini yake kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anakwenda nyumbani, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Langoni vyote vinaitwa "kesi ilifutwa". Anayeomba kazi, na anayedai dhamana yake, aombe nakala iliyoidhinishwa ya amri yenyewe, akihakikisha namba ya kifungu inasomeka.