Pilau Tamu Si Mtaji

Kuna maneno yasiyokosa kusemwa kwenye shughuli za familia huku Kitengela, na msemaji huwa mtu aliyekwisha kushiba: "Wewe na mkono huu, unangoja nini? Fungua hoteli." Husemwa kwa nia njema kabisa. Nimeyasema mimi mwenyewe. Krismasi ya 2017 nilimwambia dada yangu mkubwa hivyo hivyo, sahani ya pilau yake ikiwa mapajani mwangu, wiki chache baada ya yeye kupunguzwa kazini na kukabidhiwa malipo yake ya miaka kumi na minne. Ilipofika Februari 2019 pesa hizo zilikuwa zimekwisha, na hoteli pia.

Siandiki haya kumlilia dada. Naandika kwa sababu maneno yale ni ya uongo, na kila siku kuna mtu anayeuziwa uongo huo. Anaambiwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, mama aliyeachishwa kazi, mzee anayesubiri kiinua mgongo: mapenzi ya chakula ni mtaji, na anayependa anachokifanya hataona uzito wa kazi, pesa zitamfuata zenyewe. Hapana. Apendaye chakula ni mteja mzuri, basi. Kuishi kwa chakula ni kazi ya mizani, moto na saa, na mwenye mapenzi mengi ndiye anayechelewa kuliona hilo, kwa kuwa mapenzi yake yanamwelekeza macho kwenye ladha tu.

Niliyaona kwa karibu. Dada alipanga chumba mtaa wa nyuma, hatua chache kutoka barabara ya Namanga. Kabla hata ya kodi ya kwanza alimlipa mpangaji aliyekuwa akiondoka pesa za kuachiwa nafasi. Akanunua meza nane, friza, sufuria mpya, akapaka ukuta rangi ya manjano. Pilau yake ilikuwa ile ile ya nyumbani, hakuna aliyeweza kuilaumu. Lakini na mkono wake ulikuwa ule ule wa nyumbani. Alipakua kama anayepakulia wageni: upawa wa kwanza, wa pili, kisha ule wa tatu wa kumwonea mtu haya. Kilo moja ya mchele iliisha kwa sahani tano.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha mabati. Mama mwenye kibanda hicho alipima wali kwa bakuli la plastiki lililokatika mdomo, akalijaza, akalisawazisha kwa mgongo wa kisu, akalipindua kwenye sahani. Kilo yake ilitoa sahani nane, kila siku nane. Unga wa ngano wa kilo mbili ulimpa chapati ishirini na mbili, na siku msichana wake alipotoa ishirini alimsimamisha pale pale wakapima donge la unga upya. Niliwahi kumuuliza kama anapenda kupika. Alifikiri kidogo, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo hilo, akasema, "Mimi napenda sufuria ikiisha kabla ya saa nane."

Nilikwenda zangu bila kulielewa jibu lile. Leo nadhani ndani yake mna elimu yote ya biashara ya chakula. Sufuria isiyokwisha saa nane ni mchele, mafuta, nyama na makaa vilivyolipiwa asubuhi ambavyo havitarudi jioni. Dada hakukubali kumuuzia mtu pilau ya jana. Heshima hiyo ninaisifu. Lakini hakupunguza kipimo cha asubuhi pia, maana sufuria nusu ilimtia unyonge. Kwa hiyo kila saa kumi alasiri majirani walikula bure, nao wakazidi kumwambia kwamba Mungu amempa kipaji.

Ikaja habari ya makaa. Dada alifungua Machi 2018, mwezi mmoja baada ya serikali kupiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Bei ya gunia ikapanda, hata hapa Kajiado ambako makaa mengi huchomwa. Yule mama wa kibanda alikwenda kwa maseremala, akajaza magunia ya maranda, na maharagwe yake yakaivia kwenye jiko la maranda. Dada hakuweza. Pilau, alisema, lazima ipaliwe makaa juu ya kifuniko, vinginevyo si pilau. Upande wa ladha alisema kweli. Mapenzi yake yalimfunga kwenye moto wa ghali zaidi mtaani, katika mwaka mbaya kuliko yote wa kufungwa huko.

Atakayesema kwamba dada alikosa mafunzo tu, nitamwambia kwamba ndilo ninalolisema. Ila ajiulize kwa nini hakuna aliyemtajia mafunzo ile Krismasi. Hakuna, kwa sababu tuliamini mapenzi yanatosha.

Kama kuna mahali ambapo imani hiyo ingepaswa kufa mapema ni huku kwetu, maana tumezungukwa na watu wanaoijua kazi ya nyama. Ingia bucha yoyote ya choma kuanzia Kitengela hadi Kiserian uangalie mpangilio wake. Mbuzi ananing'inia mbele, kwenye kioo. Unachagua mguu au mbavu, nyama inawekwa kwenye mizani ikiwa mbichi, unakubaliana bei, ndipo inapokwenda motoni. Watu hudhani utaratibu huo ni wa kumridhisha mteja aone anachonunua. Ni hivyo, lakini una shabaha nyingine. Nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, na kilo moja mbichi inaweza kurudi mezani ikiwa na gramu mia saba au chini yake. Inapopimwa mbichi, hasara ya moto ni ya mlaji. Mwenye mapenzi anayefungua mgahawa wenye vitambaa vya meza na kuuza "sahani ya choma" ameichukua hasara hiyo akaibeba mwenyewe, na huenda asijue kamwe kwamba anaibeba.

Kisha mbuzi mwenyewe. Akiwa hai na uzito wa kilo thelathini, ukishamchinja na kutoa ngozi, kichwa, kwato na matumbo, unabaki na mzoga wa kilo kumi na tatu hivi, pengine kumi na tano akiwa amenona. Mwenye bucha anayejua kazi hatupi hata tone. Kichwa na kwato ni supu ya alfajiri ya madereva wa matatu. Damu na matumbo ni mutura ya jioni, inayogeuzwa kwenye wavu na kukatwa vipande juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni. Mara nyingi mnofu hurudisha tu pesa ya mnunuzi. Mwenye bucha anaishi kwa vile ambavyo mpenda chakula angevisukuma kando ya sahani.

Wamaasai, wenye ardhi hii kabla haijakatwa ploti za futi hamsini kwa mia, hawakuwahi kuichukulia nyama kuwa jambo la hamu tu. Katika olpul, kambi ya kula nyama huko porini, vijana hujifunza kuchinja, kugawa, na kuchemsha supu yenye mizizi na magome ya miti. Mgawo una sheria: kiungo hiki cha wazee, kile cha akina mama. Kijana anaweza kuwa na hamu kuliko wote kambini, hamu hiyo haimpi kisu. Hukipata kisu kwa kujua.

Najua hoja ya upande wa pili, na ndiyo pekee yenye uzito. Wanasema mapenzi humpa mtu uvumilivu: siku ngumu zikija, anayependa atabaki na asiyependa atakimbia. Tuzitazame siku ngumu zenyewe, hatuna haja ya kukisia. Machi 26, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti tano kwa sababu ya korona: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Kukaa na kula hotelini kukakatazwa katika kaunti hizo, chakula kikawa cha kubeba tu, hadi Mei mosi. Kwa zaidi ya mwezi, mtu aliyekopa kununua viti alikuwa na viti visivyokaliwa na kodi isiyosimama. Waliobaki mjini niliwatazama. Hawakuwa watu wenye mapenzi kuliko wengine. Walikuwa wale ambao chakula chao kilikuwa kikibebwa tangu zamani, kwenye mifuko na makopo, wala hawakuwa na deni la fanicha. Halafu ukaja ukame, misimu ya mvua ikakosekana mfululizo, na kufikia 2022 ng'ombe walikuwa wakifa Kajiado kwa wingi wa kutisha. Mwenye bucha aliyevuka mwaka ule alivuka kwa kuwa alijua soko la Bissil, alijua mnyama gani bado ana nyama mgongoni na yupi ni mifupa ndani ya ngozi. Uvumilivu usio na akiba wala ujuzi ni kuchelewesha siku ya kufunga, na kila mwezi unaochelewesha unalipiwa kodi.

Wapo wanaofaidika na imani hii. Mwenye chumba anafaidika, maana kila anayefunga humpisha mwingine anayekuja kulipa kodi. Nimekaa mji huu muda wa kutosha kuona chumba kimoja kikibadilisha jina mara nne, na kila mara kikipakwa rangi mpya. Anafaidika mwenye kozi ya wiki mbili inayoahidi kukugeuza mpishi. Na anafaidika zaidi mwajiri wa jikoni anayemwambia kijana kwamba kazi hii ni ya wito, kwa hiyo asiulize mshahara mwezi huu. Hili linanikasirisha kuliko mengine yote. Agizo la mishahara ya kima cha chini nchini Kenya, iliyoongezwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, linawataja wapishi na wahudumu wa meza kama wafanyakazi wenye haki ya malipo yaliyopangwa. Halisemi popote kwamba anayependa kazi yake alipwe kidogo. Fundi wa mabomba haulizwi kama anayapenda mabomba kabla ya kulipwa, sijui kwa nini aulizwe msichana anayesimama saa kumi na mbili mbele ya karai la mafuta yanayochemka.

Pwani wanaijua tofauti hii vizuri. Mpishi wa shughuli wa Mombasa, yule anayepika biriani ya watu mia tano, alianza kwa kumenya vitunguu na kuosha masufuria ya mkubwa wake kwa miaka. Na mgema, anayepanda mnazi alfajiri, thamani yake haipimwi kwa kupenda tembo. Mgema apendaye tembo kupita kiasi atakuja kuanguka, na kila mwenye shamba analijua hilo. Chuo cha Utalii pale Ruaraka, kilichofunguliwa 1975 kwa msaada wa Uswisi, nacho hakikujengwa ili kuwafundisha Wakenya kupenda chakula. Kilijengwa kwa sababu upishi ni ufundi wa kusomewa.

Sisemi mtu apike kwa chuki. Mpishi asiyejali atamuumiza mlaji, na cheti cha afya wanachopimiwa wapishi kila miezi sita hakiwezi kuugundua moyo mbaya. Ninachosema ni kwamba mapenzi ya kudumu huja nyuma ya ujuzi. Mchomaji ninayemjua hapa Kitengela aliingia kazini kwa sababu ya njaa, akakaa mwaka mzima akiambiwa moto wake ni mkali mno. Sasa huweka kiganja juu ya makaa, huhesabu kimoyomoyo, kisha husogeza mbavu upande mmoja kwa nchi mbili, na ukimtazama uso wakati huo utaona kitu ambacho hakika ni mapenzi. Kilimchukua miaka.

Kwa hiyo ukionjeshwa pilau tamu, isifu, omba nyongeza, kisha muulize mpishi maswali ya kazi. Amewahi kuuza sahani mia kwa watu wasiomjua jina? Amewahi kufanya kazi jikoni mwa mwingine kwa miezi mitatu, akalipwa, akachoka? Kibali cha kaunti anajua kinagharimu kiasi gani? Asipokuwa na majibu, hajakataliwa, ila asiguse akiba yake bado.

Dada hakurudi ofisini. Alikwenda kufanya kazi jikoni kwa watu, akapewa mizani na daftari, na siku hizi ndiye anayepanga manunuzi. Sufuria yake kubwa alimuuzia yule mama wa kibanda, nayo hupikiwa maharagwe hadi leo. Mwezi uliopita binti yangu, ambaye keki zake zinasifiwa kanisani kote, alimwambia kwamba anataka kufungua duka la keki. Nilinyamaza, nikangoja.

"Keki ya kilo moja inakula mayai mangapi?" dada akauliza.

"Sita, shangazi."

"Trei ya mayai leo ni pesa ngapi?"

Binti hakujua. Dada hakumsema wala hakumpa moyo. Alimwonyesha mlango tu, na binti akavaa viatu, akaenda kuuliza duka la kwanza, la pili, na la tatu lililo karibu na steji. Aliporudi alikuwa ameandika bei zote tatu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, na ile ya chini ameipigia mstari.