Shahidi wa Dhahabu

Yapo maneno yanayopendwa na wengi, kwamba jambo lililoonekana kwa macho halina mjadala. Nayapinga maneno hayo, na nataka wewe, msomaji, uyapinge pamoja nami, hasa katika elimu ya viumbe, ambamo siku hizi picha zing'aazo zimekuwa nyingi kuliko maswali.

Chukua dhahabu. Mkufu wa dhahabu humetameta kwa kuurudisha mwanga wa jua, lakini mwanga wake wenyewe ni kama haupo. Mwaka 1969 mtaalamu aitwaye Mooradian, wa Marekani, aliimulika dhahabu akakuta kwamba katika chembe bilioni kumi za mwanga ulioingia, ni kama moja tu iliyozaa nyingine. Lakini ukikusanya atomu ishirini na tano tu za madini hayo hayo katika kifungu kimoja, tabia hugeuka. Mwaka 2009 wataalamu wa Singapore walikuza vifungu vya namna hiyo ndani ya protini ya damu ya ng'ombe, navyo vikang'aa wekundu, kwa kadiri ya chembe sita katika mia. Kifungu kimoja hakifiki upana wa nanomita 2. Unywele wa mtu huzidi 50,000. Ni kidogo kiasi cha kumezwa na seli iliyo hai.

Basi mwaka 2013, huko Karlsruhe, Ujerumani, vifungu vya dhahabu vilitiwa ndani ya seli vikatumiwa kama kipimajoto. Kadiri joto lilivyopanda, ndivyo mwanga wao ulivyodumu muda mfupi zaidi baada ya kumulikwa. Kazi hiyo ni njema wala siidharau. Ninalogombana nalo ni haraka ya wale wanaoitazama picha wakasema, "Tazama, hili ndilo joto la seli." Dhahabu haikusema hivyo. Dhahabu ilisema tu kwamba mwanga wake umebadilika.

Na mwanga huo hubadilishwa na mengi. Zebaki huufifiza mwanga wa vifungu vilivyofungwa katika protini, na kwa sababu hiyo hutumiwa pia kuitafuta zebaki majini. Shahidi wa jamaa moja, basi, aitwa katika kesi mbili mbalimbali, na katika zote mbili ushahidi wake ni badiliko la mwanga. Tena, kifungu kikishamezwa, mara nyingi hukaa katika vifuko vidogo vyenye asidi. Kipimajoto kilichosahihishwa katika gilasi ya maji safi kina haki gani ya kutoa habari za nyumba nzima, nacho kimefungiwa kabatini?

Wako watakaoniambia kwamba haya ni mabishano ya maprofesa, hayamhusu mwanafunzi wa shule ya sekondari. Yamhusu sana. Nimesimama mara nyingi nyuma ya wanafunzi wanaotazama ngozi ya kitunguu katika hadubini, nikaona mkono ukichora seli iliyomo kitabuni, si ile iliyo chini ya lenzi. Mchoro huo ni safi, na kwa kawaida hupata alama nyingi. Aliyezoea hivyo akiwa na miaka kumi na sita hatauliza neno siku atakapoonyeshwa picha ya dhahabu.

Wala usidhani kwamba wakubwa wamesalimika. Mwaka 2012 wataalamu wa Japani, wakitumia dutu nyingine ing'aayo isiyo ya madini, walitangaza kwamba kiini cha seli kina joto zaidi ya sehemu nyingine kwa digrii moja hivi. Mwaka 2014 Guillaume Baffou na wenzake wa Ufaransa wakapiga hesabu. Seli moja hutoa nguvu ndogo mno, kama wati moja iliyogawanywa mara bilioni kumi, na katikati ya maji nguvu hiyo yaweza kupandisha joto kwa sehemu moja tu katika laki moja ya digrii. Tofauti ni mara laki moja! Ni kama kumwambia mnunuzi kwamba gunia moja la mahindi lina uzito wa magunia laki moja kwa kuwa mizani imesema. Wajapani walijibu mwaka 2015, na ugomvi haujesha. Mimi nasimama upande wa hesabu, mpaka mizani yenyewe ipimwe.

Mwaka 2018 likaja kubwa zaidi. Wachunguzi wengine, kwa rangi ing'aayo, waliandika kwamba mitokondria, zile tanuri ndogo za seli, hufanya kazi katika joto karibu na digrii 50, ilhali mwili wetu una 37. Jarida lililochapa habari hiyo liliweka kando yake makala ya Nick Lane wa London, yenye kichwa cha maneno mawili tu, kuhusu mitokondria za moto. Na baada ya maneno hayo mawili, mwandishi alitia alama ya kuuliza.